Behewa la Tororo

Nyuma ya ghala la saruji, kwenye reli isiyopitwa tena,
limeachwa behewa, magurudumu yamezama majanini.
Ubavuni, kwa rangi nyeupe:
73939133.

Siku ya kwanza niliisoma kama kibao cha duka.
Siku ya pili nikajumlisha tarakimu, mazoea ya mwalimu:
thelathini na nane. Basi tatu haiingii.
Saba ikaacha baki mbili, kumi na moja ikaacha nne.
Nikanunua daftari.

Umeme ulipokatika niliwasha taa ya simu.
Vigawo zaidi ya elfu, kimoja kimoja,
kama karani wa forodha pale Malaba
anayechoma kila gunia kwa sindano ndefu,
hadi 8597. Kupita hapo hakuna haja;
kama wangekuwa wawili,
mdogo wao angekwisha kujitokeza.

Hakujitokeza mtu. Namba tasa.

Tasa. Ndivyo kitabu kisemavyo.
Ndivyo alivyosema na mama mkwe, Nyafwono,
akipokea ugali wa wimbi kutoka mikononi mwangu,
na alisema kwa Kiswahili, makusudi,
ili mgeni kutoka Busia naye asikose kuelewa.
Owora, mume wangu, alikohoa.
Alikohoa tu.

Mvua za Machi hupiga behewa upande wa kulia.
Mwaka ule rangi ilibanduka tarakimu moja:
7393913. Nikaanza upya. Tasa.
Mwaka uliofuata, 739391. Tasa.
73939.
7393, na hapo daftari la tatu lilikuwa limejaa.
Inakatwa mkia na kilichobaki hakigawanyiki,
inakatwa tena, hakigawanyiki.

Sisemi ilinifariji. Namba haimpi mtu pole.

Likizo moja nilijaribu kuiongezea, ile ya mwanzo, nzima,
tarakimu moja tu mwishoni.
Shufwa hazifai, tano haifai.
Moja: jumla thelathini na tisa, tatu ikaingia.
Saba: arobaini na tano, hata tisa ikaingia.
Tatu na tisa zilinila wiki mbili, nazo zikavunjika.
Haina wa kumfuata.
Wala katika ukoo wake, ukoo wa wakatwao wakabaki,
hakuna aliye mrefu kuliko yeye.

Ilipofika 73 walikuja watu wa vyuma chakavu na moto wao wa gesi.
Nikaomba kipande chenye 7.
Wakakipima, wakaniuzia kwa kilo, kama nyama.

Sasa ni paa la banda la kuku.
Jana Othieno wa darasa la saba alileta daftari zake,
akainua shingo, akauliza:
“Mwalimu, hiyo saba ni ya nini?”
Nikamwambia ainame achungulie.
Tetea alikuwa amelalia.
“Mangapi?”
“Kumi na mawili.”
“Yagawanye,” nikasema, “kwa namna zote unazozijua.”