Utenzi wa Tano Machi

Kalamu nimeishika
vita nipate andika,
si vya damu kumwagika,
ni vya nyumbani, jikoni.

Mama, Thelma jina lake,
Dover ndiyo pwani yake,
mwavuli haumtoke
hata jua li angani.

Na Otto, ndiye babangu,
Toledo kwao na kwangu;
akinong'ona, mwenzangu,
wasikia majirani.

Mama, mkanyage kidole,
hatopiga makelele,
atakusihi, mpole:
"Kosa langu, samahani."

Baba mgeni wa jana
humkumbatia sana,
amsimulie, bwana,
hata siri za tumboni.

Vita vya kwanza ni chai:
baba birika hatwai,
ati jiko halifai,
tia maikrowevuni!

Mashine ilipolia
mama wima katulia,
kichwa kimemwinamia
kama yupo msibani.

"Ndiyo kawaida yenu,"
mama kanena, "wa kwenu
walimwaga, babu zenu,
chai yetu baharini."

Baba: "Papa washukuru!
Hadi sasa wako huru,
wala hawana ushuru
wa sukari kikombeni."

Vya pili ni vya mpira:
"Mwaubeba kama jora,
mwasimama kila mara,
ati ni wa miguuni!"

Baba: "Ninyi siku nzima
mwacheza, mwala, mwahema;
hakuna bao, mwasema
'Ulinoga uwanjani!'"

Shuleni nami kafeli
kwa U mama aijali;
mwalimu hakukubali,
kaifuta daftarini.

Mama kenda, na barua
ya heshima, ya kuua:
"U mliyoichukua
rudisheni kwa hisani."

Ila vita vilotisha,
saba nikikamilisha,
kadi ndizo zilowasha
moto kote mtaani.

Mama kaandika tano
kisha tatu, kwa mkono
safi usio mfano:
"Tano Machi," alidhani.

Toledo mambo kinyume:
mwezi mbele usimame,
siku nyuma ijitume;
wakasoma "Mei" ndani.

Tano Machi ikafika,
mishumaa ikawaka,
viti kumi vyapangika,
macho yangu mlangoni.

Saa tisa: hawakuja.
Saa kumi: nikangoja.
Hata mtoto mmoja!
Theluji tu barazani.

Baba kadi akasoma,
akaketi, kasimama:
"Thelma, hii tano, Thelma!
Umeiweka mwanzoni!"

"Siku," mama kamjibu,
"ndogo, ndiyo ya karibu;
mwezi, mwaka, kwa hesabu:
ngazi huanzia chini!"

"Kwenu kila kitu kombo,
gari kushoto, ni mambo?
Mvua ndio wenu wimbo,
mtu mmoja ni foleni!"

"Ninyi kikombe ni ndoo,
barafu yaziba koo,
gari hadi penye choo,
miguu yenu ya nini?"

Mimi kisu nikatwaa,
nikazima mishumaa,
nikasema: "Nina njaa."
Kimya kikatanda ndani.

Cheko likamponyoka
mama; baba akadaka;
tukala, huku twacheka,
saba vitupu mezani.

Lakini sasa sikia:
Mei tatu kuingia,
saa tisa ikalia
kengele ya mlangoni.

Watoto saba wa shule
na zawadi zao tele,
kimya, pasipo kelele,
wamejipanga foleni!

Mama alipowaona,
foleni ilivyofana,
akasahau kabana
nywele kwa rola kichwani.

Akachemsha birika,
chai ya kweli kapika;
baba naye akafika
na barafu ya ndooni.

Mama kaona kitendo
cha kuvunja hata pendo,
kageuza shingo kando
kutazama dirishani.

Leo nami nina mwana;
babu, bibi wabishana,
kalamu wanyang'anyana,
mimi na unga jikoni.

Keki mbili nimepika:
moja leo takatika,
moja frijini naweka,
ingoje. Hujui lini.