Bega la Kulia

Mkono wa kushoto umekwisha, wamesema manesi.
Mishipa imekauka kama kamba ya katani.
Dripu ya tano ilimwaga dawa nje, ngozi ikababuka,
na alama iko mpaka leo, rangi ya ini.
Wa kulia nao umejifunza kujificha:
sindano ikikaribia, mshipa unazama.

Daktari Nyabenda, mtu wa Kasulu, hana maneno mengi.
Aliniuliza swali nisilolitarajia:
"Mzee Mihayo, mzigo unabebea bega gani?"
La kushoto. Miaka ishirini na tisa
nilibeba mtaimbo relini, kutoka Tabora stesheni
hadi pale njia zinapoachana,
moja ya Kigoma, moja ya Mwanza.
"Basi tutaweka kulia," akaandika.
"Na kulia njia ya moyoni ni fupi, haina kona kali."
Nikamwambia, hiyo sasa ni lugha yangu.

Akanichorea nyuma ya karatasi ya kipimo cha damu.
Wako wanaochoma chini ya mtulinga kwa kukisia,
vidole vikisoma mfupa. Mikono mizuri hufika,
lakini pafu liko jirani, na pafu halipendi kubishiwa hodi.
Wako wanaopasua karibu na bega
wautafute mshipa mwembamba, waufunue kwa macho.
Hiyo ni salama, ila mara nyingine umeshafika
na mlango ni mdogo kuliko mgeni.
"Mimi," akasema, "naona kwanza ndipo nachoma."

Mashine yenyewe iliazimwa wodi ya wazazi,
hiyo hiyo iliyomwona mjukuu wangu Nyamizi
akinyonya kidole kabla hajawa na jina.
Jeli ya baridi shingoni. Kitanda wakakiinamisha,
kichwa chini, miguu juu, damu iujaze mshipa.
Kwenye kioo viduara viwili, vyeusi, pacha.
Akabonyeza.
Kimoja kikalala kama mkeka.
Kingine kikakataa, kikadunda.
"Kinachokataa tukiache. Tunamtaka mpole."

Ganzi ilikuwa nyuki wawili watatu, si kitu,
sisi wa Tabora tumelelewa na nyuki.
Kisha waya, mwembamba kuliko wa breki ya baiskeli,
ukaingia, ukaingia,
na moyo ukaruka pigo moja.
"Umegusa," nikasema.
"Nimegusa," akasema, akaurudisha kidogo.

Chini ya mtulinga akakata mfuko wa kidole gumba,
akapitisha mpira ndani ya ngozi, kutoka mfukoni hadi shingoni,
vile mama anavyopitisha kamba kwenye pindo la kaptula
kwa kijiti cha ufagio.
Vuta pumzi. Shika. Usiachie.
Nikaishika kama treni iliyoonyeshwa taa nyekundu.

Alipokuwa anashona nikamwambia: umenijengea stesheni.
Akatikisa kichwa.
"Stesheni watu hushuka. Hapa hashuki mtu.
Hapa ni pa kumiminia tu, kila wiki tatu,
na dawa zikiisha, maji ya chumvi kila mwezi kisizibe,
mpaka siku nitakapokitoa."

Nitakapokitoa.
Sijui alikuwa na hakika ya nini.
Sikumwuliza. Picha ya kifua ikaja, akaiinua dirishani:
mstari mweupe ulishuka taratibu
ukaishia pale damu yote inaporudi.
Akaguna. Nadhani alifurahi.

Usiku huu Isevya, treni ya Mwanza imechelewa tena.
Kalunde amehamia upande wangu wa kushoto,
mara ya kwanza tangu tuoane,
na godoro halijui la kufanya na uzito wake huko.
Napapasa: kigumu, kidogo, kama kizibo cha soda
kilichosahauliwa mfukoni.
"Kinauma?" ananiuliza gizani.
Kinawasha, namjibu. Lala.