Mtu wa Kujulishwa

Duqm, mwezi wa kumi, zoezi la pamoja.
Upepo unatia mchanga hata kwenye meno ya zipu,
nasi tuko foleni mbele ya meza ya karani
kujaza fomu ile ile ya kila mwaka:
jina, namba, kundi la damu,
na mstari wa tisa, wino umepauka:
Ukifa, tumwambie nani?

Mbele yangu Gareth, sajini wa wageni, fundi wa vifaru,
shingo nyekundu kama kamba aliyechemshwa.
Mimi ndiye mkalimani wake.
Anaandika bila hata kukohoa:
Owen. Uhusiano: mume.
Karani kashika muhuri hewani.
"Rakibu, neno hili umelisoma sawa?"
Nikalisoma tena. Nikalitafsiri kama lilivyo.
Likapita kinywani mwangu kama risasi ya mazoezi:
kishindo, na hakuna aliyeanguka.
"Wageni wana yao," akasema, akagonga muhuri.
"Anayefuata."

Anayefuata ni mimi.
Miaka kumi na minne naandika Haitham, kaka yangu,
asiyejua hata chai nainywa na sukari ngapi.
Wewe unajua. Moja na nusu,
na hiyo nusu hunisimanga nayo.
"Karatasi yangu imelowa jasho," nikamwambia karani. "Nitaileta asubuhi."

Jioni Mama anapiga simu kutoka Al-Khoud,
mafuta ya maandazi yanachachatika nyuma yake.
"Mwanangu, huna mtu bado?"
Namshukuru Mungu kwa lugha aliyotoka nayo Unguja,
kaifunga kwenye kanga pamoja na mbuzi ya kukunia nazi.
Kwa Kiarabu ningekwama:
kila kitenzi kina ndevu ama kina ushungi,
ukisema tu *amelala*, umeshamtaja.
Kwa Kiswahili namwambia kweli tupu.
"Ninaye, Mama. Ana maringo kidogo.
Hali papa bila ndimu.
Kanishonea kifungo cha gwanda kwa uzi mwekundu,
eti nimkumbuke kwenye gwaride.
Akicheka hufumba macho."
"Anaswali?"
"Ananiamsha mimi."
"Watu wa wapi?"
"Wa Sur."
"Alhamdulillahi. Basi utamleta lini?"

Hiyo *a* moja, mwanzoni mwa kitenzi,
ndiyo hema letu, tunalala wawili.
Lakini hema halina mlango wa kumpitishia Mama.

Usiku Gareth kakaa juu ya kifaru, kikombe mkononi,
ananionyesha picha: Owen na mbwa, wote wamelowa mvua.
Anasema kwao nako zamani walifukuzwa.
Mzee mmoja wa mtaani kwao alivuliwa nishani
aliyoipata vitani, mbele ya kikosi kizima;
ameirudishiwa juzi, kwa posta, ndani ya bahasha ya kahawia.
"Alifurahi?" nikauliza.
"Aliiweka kwenye droo ya vijiko."
Kisha akanigeukia. "Na wewe, una mtu?"
Lugha yake nayo inataka kujua ni wa kike au wa kiume.
"Ninaye," nikamjibu, kwa Kiswahili.
Hakuelewa. Akatikisa kichwa taratibu,
akanimiminia chai isiyo na sukari kabisa.

Nimelala macho wazi nikiwaza Thumrait,
wewe na zamu yako ya rada,
uso wako kijani kwa mwanga wa kioo,
unahesabu ndege za watu wanaorudi kwao.
Nikifa hapa, utasoma gazetini.
Utasimama safu ya nyuma makaburini, rafiki wa kazini,
utashika mkono wa Haitham umpe pole
ya msiba ulio wako.

Asubuhi nikaipeleka fomu.
Jina: Haitham bin Saif. Uhusiano: kaka.
Namba ya simu:
nikaandika yako.

Kwa hiyo, Yarub, sikiliza.
Siku ikiita namba usiyoijua, alfajiri,
na sauti ngeni ikakuita Haitham,
usiwaambie wamekosea.
Itika.