Mwanamke Aliyetazama Ukutani

Jumanne ngome ya Chake hufungwa kwa wageni,
nami huingia na brashi ya manyoya na kitambaa cha melimeli,
na Bwana Shaame akinikumbusha, kila wiki kama leo ndiyo kwanza:
"Hadia, nyuso usiguse. Nyuso ndizo mali."

Haya. Nyuso kumi na moja naziachia vumbi lake.

Katikati kasimama shangazi mtu, Bi Zuena,
kiganja begani kwa mtoto kama aliyeshika komeo.
Liwali yuko pembeni: joho la nyuzi za dhahabu,
tumbo limetangulia, macho yamechelewa.
Mwenye nyumba ni nani,
rangi ilijua kabla ya karani.
Jambia linang'aa. Mwaka ule mikarafuu yote, Ole hadi Mtambwe,
ilikuwa rehani kwa Mhindi wa duka la nguo,
lakini deni halina rangi.
Ama linayo. Tazama chini ya macho ya mtoto wa pili.
Wa tatu shavu limevimba, jino;
walimtia pamba ya mafuta ya karafuu wakamwambia, simama.
Alisimama. Hata leo kasimama, na jino linamuuma.

Nyuma kabisa, gizani, karibu na fremu,
Kaetano Mgoa kajichora mwenyewe.
Alitoka jumba la Unguja na barua na sanduku la rangi,
mkataba ukisema rupia sita kwa kila kichwa.
Kichwa kile Liwali alikataa kukilipa.

Na huyu?
Wanafunzi wa skuli huuliza, vidole vimeelekea kulia,
kwa mwanamke wa hariri ya zambarau aliyegeuka.
Tunaona kisogo, sikio moja, kipuli.
"Bibi arusi wa mtoto mkubwa," husema mtembezaji,
"picha ilipochorwa hajawasili. Sura yake haikujulikana."
Wanaandika. Wanaulizana choo kiko wapi.

Kwetu sisi tumehadithiwa hivi:
nguo za arusi zilishafika, mwenyewe bado,
na rupia sita haziachwi zikapita bure.
Mgoa akatoka uani, akamwita mfuaji,
Mize binti Faki, mikono imejaa povu,
akamvisha hariri ya watu, akamwambia: geuka.
Siku nne alitazama ukuta.
Chokaa ilikuwa na ufa, akisema, umeanzia darini
ukapinda mara mbili ukapotea nyuma ya kabati,
na katika jumba zima la Liwali
ndicho kitu pekee alichokikumbuka mpaka anakufa.
Ujira: mche wa sabuni.
Nusu mche, bibi yangu alisema. Mama hushikilia ulikuwa mzima.

Bibi arusi hakuja. Wapo wasemao maradhi,
wapo wasemao baba yake alisikia habari za rehani.
Hariri ilikatwa foronya.

Lakini mikono.
Mgoa angeweza kuitia hina, kuinenepesha,
nani angejua? Hakuitia.
Kaichora ilivyo: ngozi imepasuka kwa magadi,
kucha zimelika, kidole cha kati kimepinda kuelekea dogo lake.
Cha mama kimepinda hivyo hivyo.
Changu pia, nikishika brashi.

Sijamwambia Bwana Shaame.
Atafungua daftari, atataka cheti, atataka shahidi,
na mimi nina kidole tu.

Namwacha mwisho kila Jumanne.
Naweka kitambaa chini, naizuia pumzi,
na kwa dole gumba kavu napapasa
pale shingo inapokutana na nywele,
rangi imepanda kidogo, kama kovu lililopona.

Nyuso nimekatazwa.
Visogo havikutajwa.