Gego Lililopanda

Miaka mitatu kikombe kilininukia vibaya.
Kazi yangu kuonja: kijiko, mvuto, kutema,
vikombe mia kabla ya saa sita,
ghorofa ya pili, barabara ya Haile Selassie,
na kila kahawa, hata ile iliyoanikwa kwa subira,
ilikuwa na harufu ya maji ya chombo cha maua
yaliyosahaulika mezani baada ya matanga.

Niliandika: imevunda.
Niliandika: imevunda kidogo, upande wa kushoto.
Upande! Kana kwamba kahawa ina upande.

Odipo alionja kikombe kilekile.
"Mutheu, mbona mimi siisikii?"
Nikamwambia hana pua.
(Jina langu, kwa Kikamba, ni usafi.)

Kisha shavu likawa zito.
Nikiinama kufunga kiatu, kitu kinalisukuma jicho
kama mpangaji wa chini anayegonga dari kwa ufagio.
Nikameza vidonge vya mafua, nikajifukiza mkaratusi,
nikalaumu vumbi la Outer Ring, nikalaumu zulia jipya la ofisi.

Daktari Nasimiyu aliiweka picha kwenye mwanga.
Jino.
Gego zima, taji na mizizi,
limelala chali kwenye pango la shavu langu,
chini kidogo ya sakafu ya jicho,
limejifunika kifuko cha maji kama mtoto asiyezaliwa.
"Lilipaswa kushuka," akasema. "Likapanda."

Utanipasua uso?
"Zamani tungeinua mdomo, tukachonga mfupa kwa patasi.
Siku hizi tunapita mlangoni."
Akagusa pua yake.

Alhamisi, Upper Hill, baridi ya Julai.
Lemayian wa nusukaputi akaniambia nihesabu
kuanzia ishirini, nikirudi nyuma.
Nilifika kumi na saba,
umri ambao gego lile lingechungulia kinywani.

Mengine niliyaona baadaye, kwenye video.
Taa inasogea kwa adabu, inabisha hodi,
kuta zimelowa, nyekundu kama ndani ya komamanga.
Mlango wa pango ni mdogo kuliko mbaazi;
wakaupanua, kifuko kikapasuka,
mrija ukanywa maji ya rangi ya chai iliyolala.
Na nyuma yake, jeupe, halina habari,
halijawahi kutafuna hata punje moja ya muthokoi.
Koleo likateleza. Likateleza tena.
Sauti ya daktari, chini kwa chini: "Toka, mama, taratibu."
Mara ya tatu likageuka, likatoka mizizi mbele,
kinyumenyume, kama mtu anayeaga wakwe.

Wiki mbili bila kupenga kamasi.
Maji ya chumvi asubuhi, maji ya chumvi jioni.
Mama akapiga simu kutoka Wote:
"Walikupa? Basi lirushe juu ya paa."
Nakaa ghorofa ya nne kati ya saba, Mama.
Paa ni la mwenye nyumba.

Harufu hazikurudi kwa kishindo.
Sabuni kwanza. Kisha mahindi ya mkaa, nje ya kituo cha reli.
Kisha mvua ikigusa lami, nikasimama
watu wakinipita, wakinisonya.

Jumatatu nilifungua kabati la sampuli.
Fungu 318, ushirika mmoja wa Kirinyaga,
lebo kwa mwandiko wangu: imevunda.
Nikasaga. Nikamimina maji. Nikavuta.

Ndimu. Sukari guru.
Kitu kama zabibu, mbali, kinakuja.

Iliuzwa mwezi wa pili, bei ya makapi.
Nilitafuta namba ya karani wa ushirika,
nikaipata, sijaipiga.

Jino liko kwenye kichupa, kando ya mizani.
Odipo anadhani ni mzaha.
Siku hizi, kabla sijaandika neno lile,
namsogezea kikombe,
namwuliza kama anaisikia.