Sitini na Tano

Nimenunua kifurushi kisicho na kikomo.
Ndivyo ilivyoandikwa ukutani mwa duka lao, mjini Havre,
kwa herufi ndefu kuliko mtoto wa darasa la kwanza.
Kikomo kilikuwa chini kabisa,
kwa maandishi madogo kama mayai ya chawa:
kula mwenyewe, hata uvimbiwe, usimmegee mtu.

Sasa kifurushi gani hicho, bwana,
nikikifungua mezani kwangu ni halali,
nikikisogeza dirishani ni wizi?

Ng'ambo ya uchochoro wa theluji
yupo Delphine, binti wa Rochelle Azure,
darasa la kumi na moja, na kompyuta ya shule
iliyobandikwa namba mgongoni kama mfungwa.
Mama yake huuza petroli hadi alfajiri.
Waya wa intaneti uliishia barabara kuu:
kampuni ilikuja, ikatuhesabu, nyumba tisa za magurudumu,
ikaona haturudishi gharama ya mtaro.
Basi mtoto akawa anafanya hesabu zake
ndani ya gari, nje ya maktaba iliyofungwa,
injini ikinguruma ili vidole visigande.
Nyuzi ishirini na nane chini ya sifuri.
Nilimwona, nikapitiliza.
Nikarudi.

Nikaiamuru simu yangu igawe. Ikagawa dakika sita,
kisha ujumbe: mpango wako hauruhusu.

Nikawapigia. Nikapigiwa muziki
hadi kahawa ikaota utando.
Dada mmoja, sauti imenyooshwa kwa pasi,
akauliza kama natumia kifaa kingine.
Nikamwambia sina kifaa kingine, nina jirani.
Akanyamaza. Nyuma yake nilisikia wenzake,
wengi, wakiuliza swali lilelile.
"Hilo halimo kwenye orodha yangu, Bwana Brekke."

Delphine ndiye aliyelifumbua.
Alichora nyuma ya bahasha ya bili ya umeme:
"Kila kipande cha habari kikianza safari
hubeba namba. Sitini na nne.
Kila mlango kinaoupita hukimega moja.
Kikitoka simuni mwako kinafika langoni kimetimia.
Kikitoka kwangu kimepitia kwako kwanza,
kinafika sitini na tatu,
na mlinzi haulizi kimebeba nini.
Anajua tu kwamba kimepitia kwa mtu."

Hapo nikaelewa, mimi niliyehesabu mabehewa
miaka thelathini na moja, usiku, kwa taa ya mkono.
Likipungua moja, treni nzima inasimama.
Na tangu Solveig aondoke
kila ninachokihesabu humu ndani hutoka pungufu:
vikombe, viatu vya mlangoni,
kikohozi cha saa tisa usiku.

"Kwa hiyo?" nikauliza.
"Kwa hiyo mimi naanzia sitini na tano,"
akasema, akalamba sukari ya andazi kidoleni,
akabonyeza.
Kikapita kwangu, kikaacha moja mlangoni
kama mtu anayekung'uta theluji kwenye buti,
kikaenda kwa mlinzi kimetimia.

Sijui kama ni dhambi. Nilimuuliza mchungaji,
akataka kwanza kujua
kama mbinu hiyo inakubali kwenye simu yake.

Usiku naiweka dirishani, juu ya soksi,
ina joto kama yai lililotagwa sasa hivi.
Naona mwanga wa bluu kule, na kichwa kilichoinama.
Siendi kugonga. Namenya viazi,
siku hizi namenya kimoja cha ziada.
Akija atakula.
Asipokuja, kesho nakikaanga.