Namba Chini ya Kibao

Ukitoka Arua kwa njia ya Yumbe,
ukishavuka daraja la pili, utakiona kushoto:
kibao cha bati, kirefu kuliko pampu yenyewe,
buluu ya mbingu, herufi nyeupe,
mkono mmoja ukiupa mkono mwingine tone.
Kazi yangu hiyo. Lile tone nililirudia mara tatu,
bwana wa ofisi akisema halijang'aa vya kutosha.

Bei tulikubaliana: laki tatu.
Kisha Bwana Aluma akanisogezea kitabu cha risiti,
akaweka kidole juu ya mstari:
"Hapa tia sahihi. Hapa paache peupe."
Nikapaacha peupe.
Mke wangu alikuwa na mimba ya miezi minane,
na peupe, wakati ule, palionekana padogo tu,
upana wa kucha.

Maji yalitoka. Nisiwasingizie.
Yalitoka miaka miwili, baridi ya kuuma meno,
na jirani yangu Candiru akaacha kwenda mtoni Kochi,
akapata wakati wa kusuka mikeka.
Halafu mpira wa ndani ukakatika.
Mpira, ukubwa wa kisahani cha chai;
dukani Arua, elfu nane.
Lakini spana ya kuvutia mabomba imo stoo yao,
chini ya kufuli.
Tukapiga simu. Ofisi ikasema mradi umefungwa,
faili limefungwa, na taarifa imeshasifiwa.

Ila kila Januari gari lao huja,
hunichukua mimi na ngazi yangu
nikipake kibao rangi upya.
Kwa rangi, fungu lipo.
Candiru hupita chini ya ngazi, dumu kichwani,
ananisalimu kwa jina la babu yangu,
heshima inayochoma kuliko tusi.

Sasa sikia. Pembeni, chini kabisa, kwa herufi za sisimizi,
mafundi wote tunafanya hivi,
niliandika jina langu, Ezati, na namba ya simu,
ili mwenye kazi anipate.
Juzi ikaingia picha ya kibao hicho hicho
na maneno ya mwalimu mmoja, nchi ya theluji.
Binti yangu mkubwa akanisomea, akitafsiri polepole:
darasa lake waliuza keki na chupa tupu,
miaka sita iliyopita, wakajaza kopo,
na mtoto mmoja, ambaye sasa ana ndevu mbili tatu,
bado anauliza:
yale maji, ni matamu?

Hawakuuliza hesabu. Wangeuliza hesabu
ningesema, waulizeni wenye makabati.
Waliuliza utamu.

Siku nne simu imelala mezani kifudifudi.
Siku nne napita mbele ya mlango wa Mama Ayikoru,
mshika kopo la mazishi hapa kwetu,
anayeandika kwa chaki juu ya mbao:
fulani mia tano, fulani mia mbili,
sanda, sukari, baki.
Mvua ikifuta, anaandika tena.
Sijawahi kusikia mtu akimuuliza.

Leo alfajiri nimebeba ngazi bila gari la mtu.
Rangi nyeusi, robo kopo, yangu mwenyewe.
Chini ya lile tone nimeandika:
MPIRA ULIKATIKA MACHI, MIAKA MINNE SASA.
MPIRA, ELFU NANE. SPANA IMO STOO.
Kisha, brashi ikinitetemeka:
KIBAO HIKI, LAKI TATU. RISITI YAKE,

nikasimama hapo, mguu mmoja hewani.
Kiasi alichojaza sikijui. Sikuuliza.
Nikapaacha peupe, upana wa kiganja safari hii,
nikashuka,
nikapiga picha, nikatuma.